Kamusi Mezani kwa Mhariri: Ufafanuzi kwa Waandishi

Kila inapokaribia Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, dawati letu hupokea malalamiko mengi ya tahajia. Mengi yana nia njema. Baadhi, tuseme ukweli, yangeisha kama mlalamikaji angejua kupekua kamusi.

Wapo wanaodai "nyufa" si Kiswahili kwa kuwa hawakuikuta kwenye N. Itafutwe kwenye U: nomino huingizwa kwa umoja, ufa. Vivyo hivyo "walipigiana" huanzia kwenye "piga". Neno kutoonekana mahali ulipolitazamia hakulifanyi kuwa kosa.

Mhariri akishalipata neno, hasomi herufi tu. Husoma pia alama za ngeli. Kwenye "daktari" ataona wingi unachukua ma-, lakini upatanisho ni a-/wa-. Kwa hiyo "madaktari wamegoma", si "yamegoma". Na akikuta neno linalomwambia "tazama" jingine, kamusi imekwisha kuonyesha tahajia inayoipendelea. Hiyo ndiyo tunayoifuata, hata kama mwandishi ameizoea ile ya kwanza tangu shule.

Je, kamusi zikitofautiana? Zinatofautiana kweli, hata kwenye majalada. TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, ikatoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015. Ila BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, mwaka 2010 ilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha. Ni "ya" au "la"? Tusilazimishwe kutangaza mshindi. Mwongozo wa chumba cha habari au wa mchapishaji hutaja kamusi moja ya kufuatwa, na nyingine hubaki za kulinganishia. Jina la kitabu, hata hivyo, huandikwa kama lilivyo kwenye jalada.

Kwa utaratibu wetu, mswada wenye tahajia mbili za neno moja hurudishwa kwa mwandishi na karatasi ya marekebisho. Ukiletwa tena husomwa upya tangu ukurasa wa kwanza, si pale palipowekwa alama tu, na hupangwa nyuma ya miswada iliyokwisha kupokelewa. Kusema "simu haikupiga mstari mwekundu" si utetezi unaokubalika.

Istilahi isiyomo katika kamusi yoyote haibuniwi na mhariri peke yake usiku wa kwenda mtamboni. Tunaiulizia BAKITA, na jibu likichelewa tunaeleza jambo lenyewe kwa maneno ya kawaida.