Ndege ya Mbele Imetua, Yetu Imepaa Tena: Rubani Anaamuaje Ndani ya Ukungu?

Wasafiri waliozoea kufika Nairobi alfajiri katika miezi ya baridi wanaifahamu hali hii. Magurudumu yameshateremshwa, dirishani hakuna kinachoonekana ila weupe mtupu, kisha ghafla injini zinanguruma, pua ya ndege inainuka na safari ya kushuka inageuka kuwa ya kupaa. Katika safari moja ya namna hiyo nilikuwa abiria, na tukaishia Mombasa. Mzee aliyeketi kando yangu alimpigia simu mwanawe aliyekuwa akimsubiri Nairobi, akaambiwa kwamba ndege iliyokuwa mbele yetu ilitua bila shida. Akanigeukia: "Mwanangu, kama mwenzake ameweza, huyu wetu ameshindwa nini?"

Swali hilo ni la haki, na linagusa kiini cha kanuni za kutua kwa kutegemea vyombo.

Kwa kawaida watu hudhani kwamba vyombo humfikisha rubani mpaka ardhini. Ukweli ni kwamba katika safari nyingi vyombo humfikisha mahali fulani tu angani, na kutoka hapo lazima macho yake yachukue kazi. Mahali hapo huitwa kimo cha uamuzi. Kwa mfumo wa mawimbi ya redio unaojulikana kama ILS, katika daraja lake la kwanza, kimo hicho hakiwi chini ya mita 60, yaani futi 200, na umbali wa kuona kwenye njia ya kurukia hautakiwi kupungua mita 550. Daraja la pili huruhusu kushuka hadi mita 30, na la tatu hushuka chini zaidi ya hapo, lakini madaraja hayo mawili yanahitaji vifaa maalumu ndani ya ndege na uwanjani, pamoja na marubani waliofunzwa na kuidhinishwa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana ndege mbili zinazofuatana kwenye uwanja mmoja zinaweza kuwa na ruhusa tofauti kabisa.

Tuitazame kwa karibu ile mita 60. Ndege ya abiria ya ukubwa wa kati huwa inakwenda takriban mita 70 kwa sekunde, ikiteremka kwa pembe ya nyuzi tatu. Kutoka kimo hicho hadi magurudumu yaguse lami kunabaki sekunde kama 16. Mwanzo wa njia ya kurukia bado uko mbele kwa zaidi ya mita 800, na ikiwa ukungu unaruhusu kuona mita 550 tu, basi rubani haioni lami hata kidogo. Anachokiona ni safu ya taa za kuongozea zilizopangwa kabla ya njia hiyo, ambazo katika viwanja vilivyokamilika hufika urefu wa mita 900. Kwa sababu hiyo kanuni zinazihesabu taa hizo kuwa alama halali ya kuendelea. Marekani wameongeza tahadhari: rubani anayeziona taa za kuongozea peke yake hashuki chini ya futi 100 juu ya eneo la kutua, isipokuwa anaona waziwazi pia mistari ya taa nyekundu iliyo sehemu ya mfumo huo, au ameshauona mwanzo wenyewe wa njia, alama zake au taa zake. Na kuona peke yake hakutoshi, kwani ndege lazima iwe katika nafasi ya kutua kwa mteremko wa kawaida, bila kukatwa kona kali wala kuporomoshwa.

Kuna kizuizi kingine kabla ya hapo. Kwa safari za kibiashara, kanuni za kimataifa zinamzuia rubani kuendelea kushuka chini ya mita 300 juu ya uwanja iwapo taarifa ya mwonekano iko chini ya kiwango kilichowekwa. Akishapita kimo hicho ndipo taarifa ikabadilika kuwa mbaya, anaweza kuendelea hadi kimo chake cha uamuzi, na hapo macho yake ndiyo yataamua.

Sasa nirudi kwa swali la mzee, kwani kutua kwa mwenzake si sababu ya rubani mwingine kuendelea. Usiku wa tarehe 24 Novemba 2001, ndege ya shirika la Crossair iliyotoka Berlin ilikuwa ikikaribia Zürich, Uswisi. Marubani walikuwa wamejiandaa kutua kwa ILS kwenye njia namba 14, lakini kwa sababu ya masharti ya kupunguza kelele za usiku walielekezwa njia namba 28, ambayo haikuwa na mfumo huo. Kimo cha mwisho walichoruhusiwa kushuka bila kuiona njia kilikuwa futi 2,390 juu ya usawa wa bahari, karibu mita 300 juu ya uwanja. Muda mfupi kabla yao ndege nyingine ya shirika hilohilo ilitua salama, na rubani wake akatoa taarifa kwamba hali ilikuwa karibu na kiwango cha chini na kwamba aliiona njia akiwa umbali wa maili 2.2 za baharini. Nahodha wa ndege ile iliyotoka Berlin alipofika kwenye kimo kile alisema anaiona ardhi kiasi, akaendelea kushuka. Ardhi haikuwa alama iliyotakiwa. Sekunde chache baadaye walijaribu kupaa tena, lakini ndege ikagonga miti ya kilima karibu na Bassersdorf, takriban kilomita nne kabla ya njia. Kati ya watu 33 waliokuwemo, 24 walifariki.

Nahodha huyo alikuwa na uzoefu wa karibu saa 20,000 angani, naye rubani msaidizi alikuwa na chini ya saa 500 na hakumzuia. Kila ninapofundisha tukio hili husimama hapo kwa muda mrefu, kwa sababu kijana yule alikuwa na haki kamili ya kusema "paa tena", na marubani wa leo hufundishwa kulitamka neno hilo bila kujali nani ana nyota nyingi begani.

Ukungu wenyewe una udanganyifu wake. Tabaka jembamba likitazamwa kutoka juu moja kwa moja hupitisha mwanga, hivyo rubani akiwa juu ya uwanja anaweza kuziona taa zote. Akianza kuteremka, jicho lake linalipita tabaka hilo kwa mshazari, safari ya mwanga inakuwa ndefu mara nyingi zaidi, na taa alizoziona dakika tano zilizopita zinatoweka. Tena ukungu hausimami mahali pamoja: sekunde 90 zinazotenganisha ndege mbili zinatosha kwa wingu kusogea juu ya mwanzo wa njia.

Ndege iliyotutangulia Nairobi ilipofika mita 60 iliziona taa zake. Sisi tulipofika palepale hatukuziona, na uamuzi wa nini kifanyike katika hali hiyo ulikuwa umeshafanywa kabla ya injini kuwashwa. Mafuta ya kufika uwanja wa akiba yalikuwemo, na juu yake ya kuzunguka dakika 30 zaidi. Zile dakika chache ambazo spika ilikaa kimya huku abiria wakitazamana, marubani walikuwa wakipandisha magurudumu, wakifuata njia ya kupaa iliyochorwa kwenye ramani yao na kuzungumza na mwongozaji wa ndege aliye ardhini. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akampigia tena mwanawe kumwambia arudi nyumbani, atafika jioni.