Kikomo cha Deni Hakitoshi Bajeti Isipofungwa Mkaja

Waziri wa Fedha wa Kenya anaposoma bajeti bungeni, kwa kawaida mwezi Juni, macho ya wananchi huelekea kwenye kodi. Ni wachache wanaouliza iwapo nakisi iliyomo, yaani pengo kati ya mapato na matumizi, inaafikiana na kikomo cha deni ambacho Bunge lenyewe limekiidhinisha.

Kwa muda mrefu kikomo hicho hakikuzuia mengi. Mwaka 2019 kigezo cha asilimia 50 ya pato la taifa kiliachwa, mahali pake pakawekwa shilingi trilioni 9. Juni 2022 kiwango kikapandishwa hadi trilioni 10, na kufikia katikati ya 2023 deni lilikuwa limekwisha kuvuka hapo. Takribani nusu ya deni letu ni la fedha za kigeni, kwa hiyo shilingi iliposhuka thamani mwaka ule, hesabu ya deni ilipanda hata pale ambapo hapakuwa na mkopo mpya. Kikomo cha aina hiyo humpa mtunga bajeti kisingizio cha kulaumu thamani ya shilingi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kasoro yake kubwa.

Marekebisho ya mwaka 2023 ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma yalirejesha kipimo cha uchumi: deni lisizidi asilimia 55 ya pato la taifa kwa thamani ya sasa, na nafasi ya asilimia 5 juu au chini, huku serikali ikipewa miaka mitano kufika hapo. Kwa thamani ya sasa, malipo yote yajayo hupimwa kwa fedha za leo, ndiyo maana mkopo wa muda mrefu wenye riba nafuu huhesabiwa kuwa mzigo mdogo kuliko hatifungani (hati ya mkopo inayouzwa kwa wawekezaji) ya kiasi kile kile yenye riba ya soko.

Hata hivyo, deni huzaliwa ndani ya bajeti. Kifungu cha 15 cha sheria hiyo hiyo kinataka mikopo, katika kipindi cha kati (yaani cha miaka michache), igharimie maendeleo pekee, na angalau asilimia 30 ya bajeti itengewe maendeleo. Katiba nayo, katika Kifungu cha 214, inaagiza deni lilipwe moja kwa moja kutoka mfuko mkuu wa serikali. Basi mapato yakipungua, riba haiguswi. Hukatwa fedha za barabara, maji na zahanati, yaani miradi ile ile iliyohalalisha kukopa.

Kinachotutia wasiwasi zaidi sisi tunaochambua bajeti hapa Nairobi ni bajeti za nyongeza, zile zinazobadilisha bajeti iliyokwisha kupitishwa. Kifungu cha 223 cha Katiba kinairuhusu serikali kutumia fedha kabla ya idhini ya Bunge, mradi isizidi asilimia 10 ya kiasi kilichoidhinishwa mwaka huo. Taarifa ya sera ya bajeti na mkakati wa deni huwasilishwa bungeni kufikia Februari 15, lakini miezi michache baadaye hesabu zake zinaweza kubadilishwa kabisa. Tunapendekeza kila bajeti ya nyongeza iambatanishwe na hesabu inayoonyesha itakavyosogeza uwiano wa deni na pato la taifa, na wabunge wasiipigie kura kabla hawajaiona.