Je, wajua kwa nini kompyuta ya zamani haiwaki mpaka ione baiti mbili, yaani vijinamba viwili vya kompyuta, 55 na AA?

Ukikaa nusu saa tu kwa mafundi wa laptopu pale Ngamiani, Tanga, hukosi mtu anakuja na mashine kwapani, fundi hii inawaka ila inagoma, inaleta maandishi meupe kwenye kioo cheusi eti haijaona pa kuwakia. Fundi anaigeuzageuza, anasema diski imekufa au tupige Windows upya, biashara imeisha. Juzi dogo mmoja wa mtaani kwetu akauliza swali ambalo hata mimi nililikimbia miaka mingi: kwani hiyo mashine inajuaje kama kwenye diski kuna Windows au hamna?

Haijui bwana. Haijui Windows wala Linux. Ukibonyeza swichi, prosesa, yaani ubongo wake, inaanza kusoma maelekezo yaliyohifadhiwa kwenye chipu ndogo ya kwenye ubao wake, programu inayoitwa BIOS, hiyo inakagua memori, kibodi, kioo, halafu inaenda kwenye diski na kubeba kipande cha kwanza kabisa, baiti 512 basi, inachungulia mbili za mwisho. Zikiwa 55 na AA (hizo ni namba za msingi wa kumi na sita, ambapo baada ya 9 zinakuja herufi A mpaka F, kwa hesabu zetu ni 85 na 170) inaridhika, kipande kinakaa kwenye memori na prosesa inaambiwa haya anzia hapo. Zisipokuwa hizo inajaribu diski nyingine, zikiisha zote ndo unapata yale maandishi meupe. Hakuna ukaguzi mwingine wa maana. Ungejaza humo mapishi ya biriani ukamalizia na 55 AA, mashine nyingi zingejaribu kuyafanyia kazi zikaganda.

Na kile kipande hakiwekwi popote tu, kinawekwa kwenye nafasi namba 7C00 ya memori, yaani 31744 kwa hesabu zetu. Mbona namba ya ajabu hivyo? Hiyo ni ya tangu IBM walipotoa PC yao mwaka 1981. Waliopanga walihesabu mashine yenye memori ya kilobaiti 32, ambayo ni baiti 32768, wakataka kipande kikae juu kabisa kisisumbue kitakachopakiwa chini, wakakata 1024 za mwisho, nusu ya kipande chenyewe na nusu ya kuhifadhia vitu vyake. Toa uone, inakuja 31744. Memori zimekua mpaka basi ila namba haijahama, kuna programu kibao zishaitegemea, nani ataihamisha.

Sasa utamu. Kumbe kama masharti ndo hayo, wewe mwenyewe unaweza kuandika mfumo wa kuwashia kompyuta, mdogooo, bila Windows bila Linux bila chochote chini yake. Mimi nilimwandikia dogo huu hapa:

B4 0E B0 54 CD 10 B0 41 CD 10 B0 4E CD 10 B0 47 CD 10 B0 41 CD 10 EB FE

Baiti 24. Fuatisha sifuri 486, malizia 55 AA, umefika 512, hifadhi kwenye faili la tanga.bin. B4 0E inaiandaa BIOS kwamba nataka kuandika herufi, B0 54 inachukua herufi T, CD 10 inamwita BIOS aiandike, hivyo hivyo A, N, G, A. Zile mbili za mwisho, EB FE, ni "rudi hapo hapo ulipo" milele. Usizidharau! Mara ya kwanza nilizisahau, prosesa haina akili ya kusimama, ikaendelea kutekeleza masifuri na takataka zilizofuata, nikakaa jioni nzima nalaumu kibodi.

Jaribu kwanza ndani ya QEMU, ni programu inayoigiza kompyuta nzima ndani ya kompyuta yako, unaandika qemu-system-i386 tanga.bin na TANGA inatokea. Ukikimbilia flashi moja kwa moja ukakosea jina la diski unafuta vitu vyako vyote, na hilo nalijua kwa machungu. Halafu laptopu nyingi mpya zinatumia UEFI, mrithi wa BIOS, ambayo haifuati utaratibu huu, inatafuta faili maalumu badala ya kile kipande, kwa hiyo tafuta ile kuukuu ya nyumbani.

Dogo alipoona TANGA akataka aandike majina ya ukoo wao wote. Kila herufi inakula baiti nne, nikamwambia piga hesabu, akaja na 126, zaidi ya hapo hapatoshi. Akanyamaza kidogo, akauliza, sasa Windows inatoshaje humo? Haitoshi, kile kipande cha kwanza kazi yake ni kuita vipande vingine kutoka kwenye diski, kwa CD 13 badala ya CD 10, na hapo ndo tulipo sasa hivi, kipande cha pili kinagoma kusomeka.