Thamani inatoka wapi? Swali lililogawa wanauchumi

Ninapofundisha historia ya fikra za uchumi sianzi na orodha ya mikondo. Naanza na swali: thamani ya kitu inatoka wapi? Ukiushika kila mkondo hapo, hauna pa kujificha.

François Quesnay, tabibu wa kasri la Versailles, alijibu mwaka 1758: ardhini. Kwake kilimo pekee ndicho kilichozaa ziada, yaani pato linalozidi gharama za kulizalisha. Adam Smith (1776) akaipa kazi ya binadamu uzito zaidi, ila akatuachia fumbo: maji yanatufaa mno na hayanunui karibu chochote, ilhali almasi haitufai sana na inanunua vingi. David Ricardo (1817) aliikaza hoja ya kazi. Kisha Karl Marx (1867) akaigeuza shtaka: ikiwa thamani huzalishwa na kazi, faida ya mwenye mtaji ni jasho la nani?

Fumbo la maji lilifumbuliwa na watu watatu ambao hawakushauriana: William Stanley Jevons huko Manchester na Carl Menger wa Vienna, wote mwaka 1871, kisha Léon Walras huko Lausanne mwaka 1874. Hatununui maji yote ya dunia, walisema. Tunapima manufaa ya ndoo moja ya ziada. Maji yakiwa tele, ndoo hiyo haituongezei kitu. Almasi ni adimu, kwa hiyo hata kipande kimoja zaidi kina uzito.

Wapo wanaodai nadharia hii ilibuniwa ili kumjibu Marx. Tarehe zinakataa. Jevons aliwasilisha kiini chake mwaka 1862, na Mjerumani Hermann Heinrich Gossen alikuwa ameyachapisha mengi ya hayo mwaka 1854. Kitabu chake hakikununuliwa, akaziondoa sokoni nakala zilizobaki, akafariki mwaka 1858. Jevons alipokuja kukifahamu alikiri wazi kwamba Gossen alimtangulia, uungwana ambao si wa kawaida katika fani yetu. Kwamba nadharia hiyo baadaye ilitumiwa dhidi ya Marx, hilo sibishi.

Alfred Marshall (1890) alisuluhisha kwa mfano wa mkasi: gharama za kuzalisha na manufaa kwa mnunuzi ni makali mawili, bei hukatwa na yote. Usuluhishi mzuri, lakini naona ulifunika swali lililomkera Ricardo, yaani mgawanyo wa pato kati ya mwenye ardhi, mwenye mtaji na mfanyakazi. Piero Sraffa alilifufua mwaka 1960 kwa kitabu chembamba, na mabishano yake hayajaisha.