David Suchet na kazi ya kuuvaa uhusika wa Poirot

Kuna staa, na kuna mwigizaji anayeuvaa uhusika. Staa watu humfuata yeye mwenyewe: sura ileile, sauti ileile, filamu hadi filamu. Yule mwingine leo ni hakimu, kesho mlevi, keshokutwa padri, na mtazamaji hata hashtuki kuwa ni mtu mmoja. David Suchet wa Uingereza amesema wazi kwamba yeye ni wa kundi hili la pili, na kazi yake ya kumcheza Hercule Poirot, mpelelezi wa hadithi za mwandishi Mwingereza Agatha Christie, ndiyo mfano bora kuliko yote niijuayo kwa anayetaka kuona mhusika anavyotolewa kwenye maandishi hadi akasimama na kutembea.

Alizaliwa London tarehe 2 Mei 1946. Baba yake alikuwa daktari wa wanawake, mama aliwahi kuigiza, na babu mzaa mama, James Jarché, alikuwa mpiga picha maarufu wa magazeti. Alisomea uigizaji LAMDA, chuo cha maigizo cha London, akaanza kazi mwaka 1969 katika jumba la maonyesho la mji wa Chester, na mwaka 1973 akaingia Royal Shakespeare Company, kundi la maigizo linalojulikana kwa tamthilia za Shakespeare. Huko alicheza Iago, Shylock na Caliban, wahusika watatu wa Shakespeare ambao huwezi kuwachezea mwili mmoja. Mwaka 1985 alimcheza Inspekta Japp, polisi wa hadithi za Poirot, katika filamu ya televisheni ambamo Poirot alikuwa Peter Ustinov. Miaka minne baadaye zamu ikawa yake: kuanzia 8 Januari 1989 hadi 13 Novemba 2013, vipindi 70 kwenye ITV, kituo cha televisheni cha Uingereza.

Alianza na vitabu na kalamu. Alisoma hadithi za Agatha Christie akinukuu kila tabia ya Poirot, hadi orodha yake ikafika mambo 93. La kwanza: ni Mbelgiji, si Mfaransa. Chai hanywi ila kwa nadra. Kahawa ni nyeusi tu. Sukari vipande vinne, wakati mwingine vitatu, mara moja moja vitano. Viatu vimechongoka, vinabana, vinang'aa. Huinamisha kichwa hata anapopeana mkono. Angalia vizuri orodha hiyo: karibu kila kitu ni tendo. Wengi wanaoanza huandika “ni mwerevu, ni mpenda usafi”, kisha wakifika mbele ya kamera hawajui mikono waipeleke wapi. Werevu hauchezeki. Vipande vinne vya sukari vinachezeka, kimoja baada ya kingine, na mtazamaji akaona mtu anayehesabu.

Kisha mwili. Suchet si mnene kama Poirot, kwa hiyo alivaa pedi chini ya nguo: tumboni, kifuani, mgongoni na mabegani. Ukiweka ya tumboni peke yake unapata mtu mwembamba aliyeficha mto. Hata pedi zikiwekwa sawa, mwili wa ndani husaliti: mwembamba huketi kwa kukunja kiuno na kuinuka kwa mrukio, wakati mnene hujishusha mgongo ukiwa wima na hugeuka mzima mzima. Nawashauri wanaofanya mazoezi wavae pedi tangu siku ya kwanza, wasingoje siku ya kupiga picha.

Mwendo ndio sehemu niipendayo kuliko zote. Christie ameandika hatua fupi za harakaharaka, miguu ikiwa imebanwa na viatu. Suchet alikumbuka mbinu inayohusishwa na mwigizaji Mwingereza Laurence Olivier: bana sarafu katikati ya makalio, tembea, isidondoke. Akafanya mazoezi kwa peni, sarafu ndogo ya Uingereza. Ukibana hapo, nyonga zinafunga, mapaja yanakaribiana, na hatua inafupika yenyewe bila wewe kuilazimisha. Kosa la kawaida ni kubana kila kitu: mabega yanapanda, shingo inakaza, uso unakuwa kama wa mtu mwenye maumivu. Kiuno kwenda juu pabaki huru kabisa.

Sauti yake ya kawaida ni nzito na hutoka kifuani. Poirot huishi akilini mwake, basi Suchet akaipandisha sauti kutoka kifuani hadi kichwani, na kwa lafudhi akasikiliza redio ya Ubelgiji. Hapa kipimo ni kigumu. Lafudhi ikikolea mno, ile hotuba ndefu ya mwisho, Poirot anapoeleza nani kaua na vipi, inapotea. Ikipungua, Ubelgiji unapotea. Na masharubu ya bandia hayasaidii, kwa sababu gundi huukaza mdomo wa juu, hivyo herufi p, b na m hutaka kutamkwa kwa nguvu zaidi.

Binti wa mwandishi, Rosalind Hicks, alimpa sharti moja: watu wacheke pamoja na Poirot, wasimcheke. Sharti hilo lilipimwa mapema. Suchet alitaka kupangusa benchi la bustanini kwa leso na kuitandika kabla ya kuketi. Mwongozaji akaona ni kichekesho. Suchet hakukubali kuliacha, na alikuwa sahihi. Likifanywa taratibu, kwa uzito, bila kumkonyeza mtazamaji, ni usafi wa mtu anayejiheshimu. Likifanywa kwa kuonyesha, ni mzaha.

Anayedhani alijua kumcheza mtu mmoja tu amtazame kama Melmotte, tajiri tapeli katika tamthilia ya BBC ya mwaka 2001, au kama Robert Maxwell, tajiri mwenye magazeti, kazi iliyompa tuzo ya televisheni ya Emmy ya Kimataifa mwaka 2008. Ni wanaume wazito wanaojaza mlango, hawana hatua moja ya Poirot. Mwaka 2020 alipewa cheo cha Sir.

Kipindi ambamo Poirot anafariki hakikupigwa picha mwisho. Kilitangulizwa, ili siku ya mwisho ya kazi Poirot awe mzima, na picha za siku hiyo zikapigwa Greenway, nyumba ya Christie huko Devon. Katika kipindi kile cha kifo Suchet alipunguza uzito, na mhusika yuko kwenye kiti cha magurudumu. Mwendo wa sarafu hakuna tena. Kitazame bila sauti mara tu baada ya kipindi cha 1989, ukiangalia vidole na macho tu, uone ni mambo mangapi kati ya yale 93 bado yapo.