Je, wajua kwa nini nguo hukunjamana kandokando ya nembo ikishafuliwa?

Blauzi ya kitenge iliyodariziwa shingoni, fulana ya chama yenye nembo kifuani au kanzu mpya iliyonunuliwa Mumias hutoka kwa fundi ikiwa imenyooka. Ikifuliwa mara ya kwanza, sehemu iliyodariziwa hufura na pembeni mwake hutokea mikunjo midogo ambayo pasi huilaza kwa muda tu. Maelezo yanayotolewa sana, iwe Kisumu, Kakamega au Nakuru, ni kwamba uzi wa fundi ulikuwa hafifu, umerudi majini, yaani umefupika, na kuivuta nguo. Maelezo hayo yanaingia akilini kwa urahisi, lakini yamegeuza mambo. Kwa kawaida kinachorudi ni kitambaa, na uzi ndio unaobaki na urefu wake.

Umbo la kasoro yenyewe ni ushahidi. Kama uzi ndio ungerudi, nembo ingepungua upana, na kitambaa kinachoizunguka kingebaki na ziada ya kufanya mawimbi. Mara nyingi tunaona kinyume: nembo huinuka katikati, kwa sababu nafasi iliyoikalia imepungua nayo haina pa kwenda isipokuwa juu. Asiyeamini achukue rula, apime upana wa nembo na upana wa kifua cha fulana kabla ya kufua, kisha apime tena nguo ikikauka. Nembo itatoa kipimo kilekile au kilicho karibu nacho. Kilichopungua ni kifua.

Uzi mwingi wa mashine za kudarizi siku hizi ni wa poliesta. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu wa takribani asilimia 8 ya uzito wake, ilhali poliesta hubeba kiasi cha asilimia 0.4 tu, kwa hiyo ndoo ya maji haiubadilishi uzi huo kwa namna ya kuonekana.

Pamba nayo ina kioja chake. Unyuzi wa pamba ukilowa haufupiki hata kidogo, hunenepa. Kipenyo chake huongezeka kwa takribani asilimia 20, huku urefu ukiongezeka kwa asilimia 1 hivi. Inakuwaje basi nguo ifupike ilhali nyuzi zake zimerefuka? Jibu limo katika njia ambayo kila uzi unapita. Katika kitambaa kilichofumwa, uzi wa mtande, yaani ule wa urefu, haulali kama mstari ulionyooka, bali hupanda juu ya uzi mmoja wa mshindio, yaani ule wa kukatiza, hushuka chini ya unaofuata, kisha hupanda tena, na hivyo hivyo hadi mwisho. Maji yakiingia, kila uzi wa mshindio hunenepa, na ule wa mtande hulazimika kuzunguka kitu kinene kuliko mwanzo. Mzunguko huo unahitaji urefu zaidi, na hakuna pa kuupata isipokuwa kwa kuzivuta nyuzi za mshindio zikaribiane. Zikikaribiana, kitambaa kimefupika. Nguo ikikauka nyuzi hukonda tena, lakini msuguano huzishikilia pale zilipofika. Fulana, ambayo imefumwa kwa vitanzi vilivyovutwa kiwandani, hurudi zaidi kwa kuwa vitanzi hivyo hupata nafasi ya kulegea. Upungufu wa asilimia 5 si ajabu.

Sasa fikiria mkeka wa mafunjo wa kando ya Ziwa Victoria, uliofumwa mafunjo yakiwa bado mabichi, kisha ukashonewa katikati kipande cha gunia la plastiki. Mafunjo yakikauka hukonda na mkeka hujikusanya, lakini plastiki haina habari. Itabaki na upana wake wa siku ya kwanza, na kwa kuwa imeshonwa pande zote, itafanya kinundu. Anayekitazama kinundu peke yake atailaumu plastiki, ambayo haijafanya lolote.

Hata hivyo, fundi hasamehewi kabisa. Akikivuta mno kitambaa kwenye fremu, au asipoweka karatasi imara ya kukiegemeza kwa nyuma, mikunjo itaonekana mara tu nguo inapotolewa kwenye mashine, kabla haijagusa maji. Tena, si kila uzi ni poliesta: ule wa rayoni hunywa maji na kupoteza nguvu ukiwa umelowa, na uzi wa pamba unaotumiwa kudarizi kwa mkono unaweza kurudi pamoja na nguo.

Fulana zilizochapwa, zikiwemo zile zenye picha ya marehemu zinazovaliwa mazishini huku Nyanza, hufuata kanuni hiyohiyo kwa sura nyingine. Wino wa plastisoli, ule wa plastiki unaotumiwa kuchapa fulana, haukauki kwa hewa. Huiva kwa joto la takribani nyuzi 160 za Selsiasi. Ulioiva hunyumbuka pamoja na kitambaa, lakini haurudi pamoja nacho, kwa hiyo picha kubwa hufanya mawimbi. Ulioiva nusu hupasuka nguo inapovutwa, na hakuna sabuni itakayouponya.

Dawa kubwa hutangulia kazi ya fundi: kitambaa cha pamba kilowekwe, kifuliwe, kianikwe na kupigwa pasi kabla ya kupelekwa kudariziwa, kwa maana urudi mwingi hutokea katika mafuo ya mwanzo. Nguo ambayo tayari ina nembo igeuzwe ndani nje na kufuliwa kwa maji baridi, isisokotwe wakati wa kukamuliwa, na ivutwe taratibu kuzunguka nembo ingali na unyevu. Pasi ipite upande wa ndani, nembo ikiwa imelazwa juu ya taulo nene ili nyuzi zizame badala ya kupondwa. Kwa fulana iliyochapwa tahadhari hiyo ni ya lazima, kwa kuwa plastisoli ikiguswa na pasi ya moto hulainika, huganda kwenye uso wa pasi, na shati jeupe linalofuata ndilo hulipa deni.