Jalada la askari liko kwa nani?

Watu wakiniuliza kwa nini madai ya mwanajeshi mstaafu huchukua miaka, mara nyingi wanategemea nitaje bajeti. Fedha ni tatizo, silikatai hilo. Lakini kazi yangu ni kupitia madai ya fidia na pensheni za kijeshi, na kinachoangusha madai mengi ninayoyaona ni kitu kingine: mdai hana karatasi ya kuonyesha kwamba alikuwa pale anaposema alikuwa, siku ile anayosema aliumia. Karatasi hiyo ipo, au iliwahi kuwepo, lakini iko katika ofisi nyingine, na siyo ile inayotakiwa kumlipa.

Serikali nyingi zimeigawa shughuli hii mara tatu. Wizara ya ulinzi humwandikisha askari, humvalisha sare na kumpeleka inakotaka aende. Idara ya ujasusi hukusanya habari, mara nyingine ikiwatumia askari haohao, na kazi yake haifanyiki bila usiri. Ya tatu ni ofisi ya wastaafu, inayompokea mtu akishavua sare: matibabu, pensheni, fidia ya ulemavu, haki za mjane na yatima.

Marekani ndiyo iliyoweka mipaka ya wazi zaidi. Shirika la kuhudumia maveterani, yaani wanajeshi wastaafu, liliundwa mwaka 1930. Sheria ya usalama wa taifa ya mwaka 1947 ikazaa CIA, idara ya ujasusi wa nje, na kuviweka vikosi vyote chini ya waziri mmoja, na miaka miwili baadaye ikarekebishwa ili kuunda Wizara ya Ulinzi kamili. Mwaka 1989 shirika la maveterani nalo likapandishwa kuwa wizara yenye kiti katika baraza la mawaziri. Kwingine mipaka haijanyooka hivyo. India iliunda idara ya wastaafu mwaka 2004, lakini ndani ya wizara ya ulinzi. Uingereza ilianzisha ofisi ya maveterani katika Ofisi ya Baraza la Mawaziri mwaka 2019, huku malipo yenyewe yakibaki wizara ya ulinzi. Afrika Kusini ilianzisha idara yake mwaka 2009.

Mimi ni muumini wa kutenganisha. Wizara inayonunua meli na risasi, ikibanwa na hazina, itamweka mstaafu mwisho wa foleni, kwa sababu mstaafu hatakwenda tena vitani. Na kuna jambo zito kuliko hilo. Ikiwa wizara ndiyo iliyokupeleka mahali penye sumu, haifai wizara hiyohiyo ikae kitini na kuamua kama kweli sumu ilikudhuru. Hata hivyo kutenganisha kuna gharama yake, na gharama hiyo haizungumzwi vya kutosha. Anayeamua dai hana jalada. Mwenye jalada hana haraka. Na kama sehemu ya jalada imegongwa muhuri wa siri, kuna wa tatu ambaye haruhusiwi hata kukiri kwamba lipo.

Tuanze na jalada lenyewe. Usiku wa manane, tarehe 12 Julai 1973, moto uliwaka ghorofa ya juu ya kituo cha kumbukumbu za wanajeshi karibu na St. Louis, jimbo la Missouri. Uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18. Kwa jeshi la nchi kavu, takriban asilimia 80 ya kumbukumbu za walioondoka jeshini kati ya mwaka 1912 na 1960 zilipotea. Hakukuwa na nakala wala filamu, na hata orodha kamili ya kilichokuwemo haikuwepo. Watu waliopigana katika vita kuu mbili na Korea wakawa, kwa macho ya mfumo, kama hawakuwahi kuvaa sare.

Kilichofuata kinanifundisha zaidi kuliko moto wenyewe. Watunza kumbukumbu walianza kumjenga askari upya kutoka vipande: hati ya mshahara wa mwisho, daftari la hospitali ya jeshi, ripoti za asubuhi za kombania zinazoonyesha nani mgonjwa, nani kahamishwa, nani hayupo. Karatasi ambazo hakuna aliyeziona za maana zikawa ndizo ushahidi. Na mahakama ya maveterani ya Marekani, katika shauri la mwaka 1991, ikasema kwamba kumbukumbu zikipotea zikiwa mikononi mwa serikali, wajibu wa serikali wa kueleza uamuzi wake na kumpa mdai faida ya shaka unaongezeka. Naipenda sana kanuni hii. Aliyepoteza karatasi ndiye abebe uzito wa kupotea kwake. Katika nchi nyingi bado mambo ni kinyume: jalada likipotea masjala, anayeambiwa arudi akiwa na ushahidi ni mzee mwenye fimbo.

Usidhani kompyuta imemaliza tatizo. Vikosi kadhaa vya Marekani vilivyokwenda Irak na Afghanistan vilikuja kugundulika havina kumbukumbu za uwanja wa vita. Nyingine hazikuandikwa, nyingine zilifutwa wakati kikosi kinakabidhi vifaa kwa kingine. Moto wa St. Louis ulichukua siku kadhaa kuzimwa. Kufuta diski ni kazi ya muda mfupi tu, na hakuna moshi wa kumwita mtu.

Sasa usiri. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Marekani lilitumia askari wake wapatao 60,000 katika majaribio ya kemikali za sumu, hasa gesi ya haradali. Baadhi yao waliingizwa katika vyumba vilivyofungwa ili ipimwe vinyago na mavazi vinawakinga kwa muda gani. Waliapishwa wasiseme. Fikiria maana yake baada ya vita: mtu ana makovu ya ngozi na mapafu mabovu, anakaa mbele ya daktari, anaulizwa ameunguzwa na nini, naye anaogopa kujibu kwa sababu jibu ni kosa la jinai. Hawezi kudai kwa kuwa hawezi kueleza. Na angeeleza, ofisi ya maveterani isingekuta chochote katika jalada lake. Wizara ya Ulinzi iliwafungua kiapo hicho mwaka 1993 tu, karibu nusu karne baadaye. Wengi walikuwa wamekwisha kufa, na wajane wao hawakujua kamwe walikuwa wakiuguza nini.

Maveterani wa majaribio ya nyuklia walipitia njia inayofanana. Mwaka 1988 Kongresi, bunge la Marekani, ilipitisha sheria iliyosema kwamba aliyeshiriki majaribio hayo na kupata saratani fulani atachukuliwa kuwa aliipata kutokana na mionzi. Lakini sheria iliyowafunga midomo haikufutwa hadi 1996. Kwa miaka minane mtu alikuwa na haki ya kudai jambo ambalo hakuwa na ruhusa ya kulisimulia. Hapa ndipo huwa nashindwa kunyamaza ninapofundisha maafisa wapya. Sheria hizo mbili zilitoka katika serikali moja, na askari ndiye aliyeachwa katikati yake.

Halafu kuna wale ambao jalada lao halikuwahi kufunguliwa. Katika vita vya siri vya Laos, CIA iliwapa silaha na kuwaongoza wapiganaji wa kabila la Hmong kuanzia miaka ya 1960. Waliokoa marubani walioangushwa na walipigana kwa zaidi ya muongo mmoja. Kwa kuwa waliajiriwa na idara ya ujasusi na si jeshi, walipofika Marekani kama wakimbizi hawakuwa maveterani kwa mujibu wa sheria yoyote. Mwaka 2000 walilegezewa masharti ya lugha katika kuomba uraia. Mwaka 2018 baadhi yao wakaruhusiwa kuzikwa katika makaburi ya taifa ya wanajeshi. Pensheni hakuna. Linganisha na maafisa wa CIA wenyewe, ambao wana mfumo wao wa kustaafu uliowekwa kwa sheria tangu mwaka 1964, uliotungwa makusudi kwa watu wenye kazi za siri. Kwa hiyo siri inaweza kulindwa na haki ikalipwa vilevile. Inategemea nani alikumbukwa wakati sheria inaandikwa.

Afrika Kusini ilikutana na sura nyingine ya jambo hili. Majeshi ya ukombozi, yaliyopigana na utawala wa ubaguzi wa rangi, yalitumia majina ya kificho, na kwa sababu nzuri: jina halisi likishikwa, familia nyumbani inateswa. Ilipofika 1994 na majeshi hayo kuunganishwa na jeshi la serikali, ilibidi majina yaorodheshwe katika daftari rasmi la askari. Aliyekuwa amekufa, amehama, au ameandikishwa kwa jina moja huku kitambulisho chake kikiwa na jingine, alijikuta nje. Sheria ya maveterani ya mwaka 2011 iliwatambua wapiganaji hao kisheria, lakini kutambua kundi ni jambo moja na kumthibitisha mtu mmojammoja ni jingine, hasa pale usalama wake wa zamani ulipotegemea kutojulikana.

Kwa hiyo swali ninalolirudia ni hili: nani ana wajibu wa kuthibitisha? Uingereza inaonyesha vizuri jinsi jibu linavyobadilisha maisha ya mtu. Aliyeumia jeshini kabla ya tarehe 6 Aprili 2005 anashughulikiwa na mfumo wa zamani. Akidai ndani ya miaka saba tangu aondoke jeshini, hatakiwi kuthibitisha chochote. Serikali ndiyo inayopaswa kuonyesha, bila shaka yoyote ya msingi, kwamba jeraha halikutokana na utumishi. Aliyeumia kuanzia tarehe hiyo anaingia mfumo mpya, na sasa ni yeye anayepaswa kuonyesha kwamba inaelekea zaidi kuwa utumishi ndio chanzo. Askari wawili wenye goti lilelile bovu wanatengwa na kalenda. Wa pili ndiye anayehitaji jalada lililotimia, na jalada hilo linatunzwa na yule anayemdai.

Njia nzuri niliyoiona ya kutoka katika mtego huu ni dhana ya kisheria: ukionyesha ulikuwa mahali fulani katika kipindi fulani na una ugonjwa ulioorodheshwa, sheria inachukulia kwamba chanzo ni utumishi. Ndivyo ilivyofanyika mwaka 1991 kwa dawa ya kuua mimea iliyonyunyizwa Vietnam, inayojulikana kwa jina la Agent Orange, na ndivyo ilivyofanyika mwaka 2022 kwa waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka katika kambi za Irak na Afghanistan, ambapo zaidi ya magonjwa 20 yaliingizwa.

Hata hivyo dhana hiyo bado inategemea kuonyesha ulikuwa wapi. Mabaharia waliokuwa katika meli nje ya pwani ya Vietnam walinyimwa kwa miaka mingi kwa kuwa hawakukanyaga nchi kavu. Sheria ya mwaka 2019 ikawaingiza waliokuwa ndani ya maili 12 za baharini. Kumbukumbu ya kichwani ya baharia haitoshi kumwambia mtu meli ilikuwa maili ngapi kutoka ufukweni siku fulani ya mwaka 1968, lakini daftari la safari la meli linatosha. Safari hii serikali haikuwatuma wazee kwenda kuyatafuta madaftari hayo. Iliyapiga picha yenyewe, ikayaingiza katika kompyuta, na afisa wa madai anaweza kutafuta meli na tarehe akiwa mezani kwake. Ushahidi ulihama kutoka kwa mwenye jeshi hadi kwa mwenye kuamua, na mdai akaachwa ajibu maswali anayoweza kuyajibu.

Hilo ndilo ninalolipigania. Ofisi ya wastaafu iwe na nakala ya jalada tangu siku askari anapoandikishwa, isingoje siku anapodai. Na kwa kazi za siri, iwe na maafisa wachache waliochunguzwa na kuruhusiwa kusoma yaliyofungwa, ambao kazi yao ni kuandika mistari miwili tu: huyu alihudumu, na jeraha hili alilipata kazini. Mahali pasitajwe, operesheni isitajwe. Wizara ya maveterani ya Marekani tayari ina utaratibu wa kuuliza kamandi ya vikosi maalumu ithibitishe tukio la namna hiyo, na siri haijavuja kwa sababu ya goti la mtu. Idara za ujasusi nazo, zinapowatumia wapiganaji wasio askari, ziache orodha yao imefungwa kwa mtu wa tatu, kamati ya bunge kwa mfano, yenye majina yote mawili, la kificho na la kuzaliwa.

Mpaka sheria zifike huko, namwambia kila anayekaribia kuondoka jeshini aombe mambo haya akiwa bado na sare, kwa sababu akishaivua atakuwa mwombaji kama waombaji wengine. Nakala ya jalada la matibabu, lote, pamoja na vipimo vya masikio vya siku ya kuingia na siku ya kutoka. Ripoti ya kila ajali, hata ile uliyoiona ndogo, kwa kuwa mgongo ulioteguka kwa kuruka na parachuti ukiwa na miaka 22 huanza kudai ukifika 50. Orodha ya vituo ulivyopangiwa na tarehe zake. Majina kamili na namba za wenzako watatu au wanne wa platuni, kwani maelezo yao ya maandishi yamewahi kuokoa madai niliyodhani yamekufa. Kama sehemu ya utumishi wako ni ya siri, usichukue karatasi yake. Omba barua isiyo na siri inayosema ulikuwa kazini kati ya tarehe fulani na fulani. Na nakala moja ya hayo yote, pamoja na namba yako ya jeshi, iwe kwa mkeo au mumeo, kwa sababu madai magumu kuliko yote yanayofika mezani kwangu ni ya wajane wasioijua namba hiyo.